Zulia la ukutani, mnada wa hisani na mfadhili aliyetaka kumaliza yote kwa hundi moja

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna dada mmoja mfumaji, anafuma mazulia ya ukutani kwa sufu na katani, na hapohapo ameajiriwa nusu muda kwenye kituo cha sanaa kama mchangishaji fedha, yaani yeye ndo anaandika maandiko ya kuomba ruzuku, anafuatilia wafadhili, anatuma barua za shukrani na ripoti, na kila mwaka anaandaa mnada wa hisani ambapo wasanii wanatoa kazi zao bure, wageni wananunua, hela inaingia kituoni. Jina lake silitaji wala la kituo, maana wahusika bado wanafanya kazi pamoja. Kisa hiki nimekifuatilia tangu mwanzo kwa sababu na mimi niko kwenye kazi hizi za kuchangisha na nimeona wasanii wengi wakibanwa palepale alipobanwa yeye.

Mwaka huo barua za kuomba kazi zikatoka kama kawaida, majibu yakaja mabaya. Wasanii waliozoea kutoa safari hii wakakataa, kwa adabu lakini wakakataa, mmoja akamwambia wazi kwamba kazi aliyotoa mara ya mwisho iliuzwa kwa bei isiyorudisha hata hela ya vifaa, na mteja wake wa siku zote alikuwepo ukumbini akaona, akamuuliza mbona mimi unaniuzia ghali hivyo. Mnada unakaribia, kazi hazitoshi, mkurugenzi akamwita akamwambia dada, lile zulia lako kubwa si linakaribia kuisha, litoe basi, wenzako wakiona wewe umetoa na wao watatoa. Wiki hiyohiyo mfadhili mmoja mkubwa, ambaye walikuwa naye kwenye mazungumzo ya ahadi ya miaka mitatu kwa ajili ya madarasa ya watoto, akamtumia ujumbe kwenye simu yake binafsi kwamba ameziona picha za zulia na analitaka.

Sasa kabla ya kwenda mbali inabidi kuelewa zulia lenyewe ni kitu gani, kwa sababu hapa ndo watu wengi wa ofisini hawaelewi. Ufumaji wa picha hauendi haraka hata ukiwa fundi wa hali ya juu. Unatandika mtande, yaani nyuzi za msingi zinazokazwa kwenye fremu, unapitisha mshindio, yaani nyuzi za kukatiza, wa rangi hii hapa na rangi ile pale, unaushindilia, unaanza tena mstari unaofuata, na mstari mmoja unaweza kuwa na rangi zaidi ya kumi. Kwenye karakana za Gobelins pale Paris, ambazo zimekuwepo tangu karne ya 17, hesabu inayotajwa siku zote ni kwamba fundi mmoja anatoa kama mita moja ya mraba kwa mwaka, kutegemea ugumu wa mchoro. Huyu dada hafumi kwa wembamba ule, anatumia nyuzi nene zaidi, lakini zulia lake lilikuwa refu kumzidi kimo na alikuwa amelifuma jioni na wikendi kwa karibu mwaka mzima. Kwahiyo mkurugenzi aliposema litoe alikuwa anaomba kitu kikubwa kuliko alivyodhani. Alikuwa anaomba mshahara wa mwaka wa kazi ya pili ya mtu, na anaomba kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndo anasaini mkataba wake wa kazi ya kwanza.

Hilo la pili ndo zito kwangu. Bosi akiomba zawadi kwa mfanyakazi, hiyo zawadi si zawadi tena hata kama imeombwa kwa upole namna gani, maana aliyeombwa hawezi kupima kwa uhuru kama akikataa itamgharimu nini, na hata akikubali kwa moyo mweupe kabisa hakuna atakayejua kama ni kweli, yeye mwenyewe hatajua.

Halafu kuna suala la kodi ambalo wanaoandaa minada huwa hawalisemi. Watu huwa wanamwambia msanii toa tu kazi yako utaidai kwenye kodi. Kwa Marekani, ambako utamaduni wa minada hii umekomaa kuliko sehemu nyingi, hiyo si kweli tangu sheria ya kodi ya mwaka 1969: msanii akitoa kazi yake mwenyewe anaruhusiwa kukata gharama ya vifaa peke yake, yaani nyuzi na rangi, miezi yake yote ya kufuma inahesabiwa sifuri, wakati tajiri aliyenunua kazi hiyohiyo akaja kuitoa kwa jumba la makumbusho baada ya muda anaweza kukata thamani yote ya sokoni. Matokeo yalionekana haraka. Jumba la Museum of Modern Art la New York lilipokea kazi 321 kutoka kwa wasanii wenyewe katika miaka mitatu kabla ya sheria hiyo, na miaka mitatu baada yake zikaja 28. Kila nchi ina sheria zake, lakini popote pale mchangishaji anayemshawishi msanii kwa hoja ya kodi anapaswa kuwa ameisoma sheria kwanza, na huyu dada alikuwa ameisoma ya kwao, ndo maana barua zake hazikuwahi kuwa na hiyo ahadi.

Turudi kwa mfadhili. Yeye hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke, alikuwa ameipenda kazi kweli na alikuwa anaamini kabisa kwamba amepata njia ya kuwafurahisha wote. Wazo lake lilikuwa hili: ataandika hundi moja kubwa kwa kituo, ndani yake kuna ile ahadi ya madarasa ya watoto pamoja na nyongeza, kituo kitampa yeye zulia kama shukrani, halafu kituo kitamlipa dada kiasi kutoka kwenye ile nyongeza kama bonasi, kila mtu anapata, karatasi moja, kazi imeisha. Mkurugenzi aliposikia akalipenda mno kwa sababu lilitatua shida mbili kwa mpigo.

Ukilifungua hilo wazo utakuta vurugu ndani. Risiti kwanza. Mfadhili akipokea kitu chenye thamani, sehemu hiyo si mchango tena, ni manunuzi, na kituo hakiwezi kumpa risiti ya hundi nzima kana kwamba hakupata chochote. Tukitumia tena mfano wa Marekani, malipo ya namna hii yakizidi dola 75 taasisi inalazimika kumwandikia mtoaji thamani ya alichopata ni kiasi gani, na anachoruhusiwa kudai kwenye kodi ni kile kinachozidi thamani hiyo tu. Sasa nani atasema zulia lina thamani gani? Ni dada mwenyewe, ambaye ndo mchangishaji anayeshughulikia faili la huyo mfadhili. Akisema bei kubwa mfadhili anapunguziwa nafuu yake ya kodi, akisema bei ndogo anajidhulumu na anawadanganya wateja wake wengine, na vyovyote atakavyosema ataonekana ana maslahi.

Halafu hiyo bonasi. Kwenye taaluma ya uchangishaji kuna mstari ambao hauvukwi, na chama cha wachangishaji cha AFP kimeuandika kwenye kanuni zake za maadili: mchangishaji halipwi kwa asilimia ya michango anayoleta. Sababu yake ni ya msingi sana, ukimlipa mtu kwa asilimia ataanza kusukuma wahisani kwa ajili ya mfuko wake na mhisani hatajua tena kama anaambiwa ukweli. Bonasi inayotoka ndani ya hundi ya mfadhili aliyeletwa na mchangishaji huyohuyo ni asilimia iliyovalishwa nguo nyingine. Na hela ya madarasa ya watoto ni hela yenye masharti, inatakiwa ikae kwenye mstari wake wa bajeti na iripotiwe hivyo, ukiichanganya na manunuzi ya zulia mkaguzi wa hesabu akija utamweleza nini. Bado dada alikuwa na mkataba na galari inayomuuzia, na mkataba unasema kazi kubwa zote zinapita huko na galari inachukua nusu, sasa akiuza kwa mlango wa nyuma amevunja mkataba na watu waliombeba miaka yote ambayo hakuna aliyekuwa anamjua.

Alichofanya, na hapa ndo naona ukomavu wake, hakujibu ule ujumbe wa simu kwa siku mbili. Akaandika waraka mfupi, kurasa mbili hazifiki, kwa mkurugenzi na kwa mwenyekiti wa bodi kwa pamoja, si kwa mkurugenzi peke yake. Akaeleza mfadhili ametaka nini, tarehe gani, kwa maneno gani, akasema mimi nina maslahi hapa kwahiyo naomba faili la mfadhili huyu lishikwe na mtu mwingine mpaka ahadi isainiwe au ikataliwe, na suala la zulia lizungumzwe na galari yangu tu, baada ya hapo, kwa bei ileile ambayo mtu yeyote angeambiwa. Ndipo akamjibu mfadhili, kwa heshima, akamshukuru, akamweleza kwamba vitu hivi viwili inabidi vitenganishwe na akampa namba ya galari.

Wapo waliosema amejipalia makaa, kwamba angenyamaza mambo yangeenda kimyakimya. Mimi nasema hapana. Jambo la maslahi likiandikwa mapema ni utaratibu, likigundulika baadae ni kashfa, hata kama tendo lenyewe ni lilelile. Na kumwandikia mwenyekiti pia ilikuwa lazima kwa sababu mkurugenzi naye alikuwa sehemu ya tatizo, yeye ndo aliyeomba zulia.

Ikabaki mnada, na kazi bado hazitoshi. Hapa akaleta hoja ambayo kwangu ndo moyo wa kisa chote: kitambaa kinaweza kuleta hela bila msanii kukitoa. Akaenda kwenye kikao na mifano miwili. Mmoja ni wa Chile, baada ya mapinduzi ya 1973, wanawake ambao waume na watoto wao walikamatwa au kupotezwa walishona picha za vitambaa zinazoitwa arpillera, vipande vya nguo chakavu vilivyoshonwa juu ya gunia kuonesha yaliyowapata, na ofisi ya kanisa iliyoitwa Vicaría de la Solidaridad ikawa inazichukua kutoka kwa vikundi vyao, inawalipa, inazipeleka kuuzwa nje ya nchi. Angalia mpangilio wake, mshonaji analipwa, kazi inasafiri, dunia inajua na msaada unakuja, wala hakuna aliyewaambia wale mama watoe bure kwa sababu jambo ni jema. Mfano wa pili ni lile blanketi kubwa la kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI, lililotandazwa Washington Oktoba 1987 likiwa na vipande 1,920, kila kipande futi 3 kwa 6 kimeshonwa na waliofiwa. Hicho hakikuuzwa hata kidogo. Kilizungushwa miji 20 mwaka 1988, watu wakaja kukiona, na ziara ile ikachangisha karibu dola 500,000 kwa ajili ya mashirika yanayohudumia wagonjwa. Kitambaa kilibaki kitambaa cha wenyewe na hela ikaja kwa sababu watu walisimama mbele yake.

Pendekezo lake likawa kwamba zulia litundikwe ukumbini usiku wa mnada, haliuzwi, na yeye atalizungumzia, atawaonesha wageni kipande kilichobaki kwenye fremu namna kinavyofumwa. Na kwa kazi zitakazouzwa, kila msanii aandike bei ya chini kabisa ambayo kazi haitauzwa chini yake, isipofika inarudi kwake, ikiuzwa msanii apate nusu, na aambiwe jina la mnunuzi. Hili la jina la mnunuzi watu wanaliona dogo lakini kwa msanii wa nguo ni kubwa sana. Nyuzi zinakufa kwa mwanga, makumbusho zinatundika nguo kwenye mwanga hafifu usiozidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) na bado wanazishusha kila baada ya muda zikapumzike, sasa kazi ikishanunuliwa kwenye mnada na mtu usiyemjua akaenda kuitundika mkabala na dirisha la jua, miaka michache rangi zimekwisha na wewe hukupata hata nafasi ya kumwambia.

Mkurugenzi akapinga huo mgao wa nusu kwa nusu, akasema tunapoteza nusu ya mapato. Dada hakubishana kwa maneno, akafungua hesabu za mnada uliopita. Mapato ya juu juu yalionekana mazuri lakini ukitoa ukumbi, chakula, uchapishaji, usafirishaji wa kazi na mishahara ya wiki zote ambazo ofisi nzima ilikuwa haifanyi kingine, kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko ruzuku moja ya kawaida aliyoiandikia yeye kwa siku chache. Na kazi nyingi zilikwenda kwa bei ya kutupa kwa sababu hapakuwa na bei ya chini, wageni walikuwa wamezoea kusubiri. Nusu ya bei halali mara nyingi inaizidi yote ya bei ya kutupa, na wakati huohuo hujamharibia mtu soko lake. Bodi ikakubali bei ya chini na jina la mnunuzi. Kwenye mgao wakakubaliana theluthi moja kwa msanii, si nusu, kwa mwaka mmoja wa majaribio.

Kuna jambo moja sikubaliani nae. Mwishoni akatoa vipande vyake vidogo viwili vya majaribio, vile anavyofuma kupima rangi kabla ya kuanza kazi kubwa, viingie mnadani kwa masharti yaleyale ya wengine. Hoja yake ilikuwa kwamba hawezi kuwaomba wenzake kitu ambacho yeye hatoi, na akatoa mfano wa Christo na Jeanne-Claude, wasanii mume na mke, ambao waligharamia kazi zao kubwa za vitambaa, mpaka yale malango 7,503 ya vitambaa kwenye bustani ya Central Park, New York, mwaka 2005, kwa kuuza michoro ya maandalizi na vitu vya aina hiyo, bila mdhamini. Mfano mzuri, ila haufanani. Wale walikuwa wanauza vyao kwa ajili ya kazi yao wenyewe na hawakuwa wameajiriwa na mtu. Yeye ni mfanyakazi wa kituo, ndo anayepanga orodha ya mnada, ndo anayejua nani kaweka bei gani ya chini. Hata vipande vidogo vingeachwa nje, na angewaambia wasanii wazi kwamba mimi sishiriki kwa sababu ndo ninayesimamia. Nilimwambia hivyo, akanisikiliza, akatoa hata hivyo, na kwa kuwa bei zake za chini ziliandikwa na mtu wa galari badala yake sidhani kama kuna aliyedhurika.

Mnada ukawa na kazi chache kuliko miaka yote lakini takriban zote zilivuka bei ya chini, na baadhi ya waliokataa mwanzoni walirudi baada ya kupokea barua ya pili yenye masharti mapya. Zulia likavuta watu, foleni ya kuja kugusa nyuzi kwenye kile kipande cha maonyesho ilikuwa ndefu, na wachangiaji kadhaa wa kila mwezi walijiandikisha palepale usiku ule, ambayo kwa mtu wa uchangishaji ni hela bora kuliko ya mnada kwa sababu inakuja tena mwezi ujao.

Mfadhili alisaini, lakini mwaka mmoja badala ya mitatu. Mkurugenzi kwa muda alimlaumu dada kwamba ndo gharama ya msimamo wake. Inawezekana. Ila kama miaka mingine miwili ilikuwa inategemea zulia basi haikuwa hela ya watoto tangu mwanzo, na kituo kingepanga madarasa juu yake na kuajiri walimu juu yake, halafu siku mfadhili akitaka kitu kingine wangempa nini.

Zulia lenyewe lilikuja kununuliwa baadae kupitia galari na mtu mwingine kabisa asiyehusiana na kituo, kwa bei iliyokuwa kwenye orodha, na mkataba una kipengele cha mwanga na cha kumwazima dada kazi yake akiwa na maonyesho. Kitu kilichobadilika zaidi kwenye kazi yake ya ofisini ni bajeti. Siku hizi andiko lolote linalotoka mezani kwake lina mstari wa malipo ya msanii, na ni mstari wa saa halisi, kwa sababu ana daftari limening'inia kwenye fremu yake ambalo anaandika kila jioni amefuma saa ngapi na umepanda sentimita ngapi, kwahiyo mtu wa mfuko unaotoa ruzuku akipiga simu kuuliza mbona msanii wa nguo anahitaji miezi sita kwa kazi moja, anamsomea. Bodi imempa sera ya maslahi ya maandishi aliyoiomba, inamhusu yeye na wafanyakazi wengine wote wanaotengeneza sanaa, na humo imeandikwa kwamba hakuna mfanyakazi atakayeombwa na kiongozi wake kutoa kazi yake. Mgao wa theluthi unarudi mezani mwaka huu, dada ameshaandaa hesabu za kuomba uwe nusu.